Nani Aliwatoa Watu wa Jazz Ukumbini?

Kuna takwimu mbili ambazo mpenzi wa jazz hapendi kuzisikia. Ya kwanza inatoka kwa taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sanaa. Mwaka 1982, nusu ya watu wazima waliohudhuria maonyesho ya jazz nchini humo walikuwa na umri wa miaka 29 au chini ya hapo. Uchunguzi kama huo ulipofanyika mwaka 2008, mstari wa katikati ulikuwa umepanda hadi miaka 46. Wasikilizaji walizeeka, na vijana hawakuja kwa wingi kushika nafasi zao. Ya pili ni ya mwaka 2014, pale kampuni ya Nielsen ilipoipa jazz asilimia 1.4 tu ya muziki wote ulionunuliwa na kusikilizwa Marekani. Huu ndio muziki uleule ambao mwishoni mwa miaka ya 1930 vijana wa nchi hiyo, weusi kwa weupe, waliucheza hadi alfajiri.

Ukiuliza kilichotokea utakutana na kambi mbili, na kila moja ina watu wanaoujua muziki huu kwa undani. Kambi ya kwanza inasema jazz ilijitakia: wanamuziki walitaka kuonekana wasomi, wakapiga haraka mno, wakaacha nyimbo zinazoimbika, wakawapa mgongo watu waliokuwa wakiwalipa. Kambi ya pili inasema jazz ilitolewa ukumbini kwa nguvu ya kodi, leseni, polisi na mageuzi ya biashara, na wanamuziki walifanya walichoweza katika nafasi iliyobaki. Mimi niko karibu zaidi na kambi ya pili. Lakini ile ya kwanza ina hoja moja ambayo wenzangu wanapenda kuikwepa, na nitaifikia.

Tuanzie kileleni. Kufikia miaka ya 1930 muziki ulikuwa umeshatoka New Orleans, mji ulikozaliwa. Buddy Bolden, mpiga korneti ambaye hakuacha rekodi hata moja, alikuwa ameshafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1907. Louis Armstrong alikuwa ameshapanda treni kwenda Chicago mwaka 1922 kuungana na bendi ya King Oliver, na rekodi zake za kati ya 1925 na 1928 zilishawafundisha wapiga tarumbeta nchi nzima namna ya kusimama mbele ya wenzao na kupiga solo yenye mwanzo, kati na mwisho. Ndipo ukaja wakati wa bendi kubwa na kumbi za dansi.

Savoy Ballroom ilifunguliwa Harlem, New York, mwaka 1926. Sakafu yake ilikuwa ya mbao, na pembeni kulikuwa na majukwaa mawili, ili bendi moja ikimaliza nyingine ipokee bila watu kukaa chini. Weusi na weupe walicheza kwenye sakafu moja wakati sehemu kubwa ya nchi ikiwatenga kwa sheria au kwa mazoea. Bendi ya nyumbani ilikuwa ya Chick Webb, mpiga dramu mfupi aliyepinda mgongo kutokana na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mei 1937 Benny Goodman, ambaye magazeti yalikuwa yakimwita mfalme wa swing, yaani jazz ile ya bendi kubwa za dansi, aliingia Savoy na bendi yake kushindana naye. Ukumbi ulifurika, maelfu wakabaki nje. Usiku ulipoisha, Gene Krupa, mpiga dramu wa Goodman aliyekuwa nyota wa nchi nzima, alimwinamia Webb mbele ya watu.

Waliokuwa wameamua ushindi ule ni wachezaji. Bendi ya Savoy ilipokosea mwendo ilijua papo hapo, kwa sababu iliona miguu ikipungua sakafuni. Mwanamuziki alikuwa na hakimu mbele yake kila usiku, na hakimu huyo hakuhitaji kujua jina la nota hata moja. Kambi ya kwanza inasema jazz ilipomwacha hakimu huyo ndipo ilipotia kisu kwenye mshipa wake yenyewe, na ushahidi wao unapatikana si mbali na Savoy, kwenye baa ya Minton's Playhouse, mtaa wa 118.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wanamuziki waliomaliza kazi kwenye bendi kubwa walikutana Minton's usiku wa manane kupiga walichotaka wenyewe. Thelonious Monk alikuwa kwenye piano, Kenny Clarke kwenye dramu, na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na mpiga saksafoni Charlie Parker walikuwa wakipita. Clarke alifanya jambo linaloonekana dogo. Mpigo wa kudumu, ule wa kushikilia muda, aliutoa kwenye dramu kubwa ya mguuni akaupeleka kwenye toazi, na mguu wake akauacha udondoshe vishindo mahali pasipotarajiwa. Mpiga solo akapata uhuru mkubwa. Mchezaji wa kawaida, aliyezoea kuusikia mpigo ule kutoka sakafuni, akapoteza mahali pa kukanyaga. Ongeza kasi ya Parker, ongeza nyimbo zilizofumwa upya hadi hazitambuliki, kisha ongeza mpiga tarumbeta Miles Davis anayeshuka jukwaani wenzake wakipiga. Miaka kumi na tano baadaye mpiga saksafoni Ornette Coleman yuko klabu ya Five Spot, Novemba 1959, anapiga bila mfuatano uliozoeleka wa mafungu ya nota yanayoubeba wimbo. Baada yake John Coltrane, naye wa saksafoni, anapiga vipande vya nusu saa. Mtu aliyetaka kumshika mkono mpenzi wake Jumamosi usiku alikuwa ameshaachwa mbali.

Ni hoja nzito, na anayeipuuza hajawahi kujaribu kucheza bebop, kama mtindo ule wa Minton's ulivyoitwa. Hata hivyo inaacha nje jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kasi na nota: heshima. Mwaka 1927 Duke Ellington alipata kazi Cotton Club, hapohapo Harlem. Wanamuziki, wanenguaji na wahudumu walikuwa weusi, na wateja walikuwa weupe. Mweusi wa mtaa ule hakuruhusiwa kuingia kama mteja. Wasanii walipambwa kwa mandhari ya msituni na ya mashamba ya watumwa, na Ellington, mmoja wa watunzi wakubwa wa karne ile, alitakiwa kusindikiza hayo. Kizazi cha Minton's kilikulia katika hali hiyo. Walipoomba watu wakae na kusikiliza, walikuwa wanaomba wachukuliwe kama mpiga piano wa Kizungu anavyochukuliwa kwenye ukumbi wake. Gillespie na wenzake walimkosoa Armstrong kwa tabasamu lake la jukwaani. Baadaye Gillespie alikiri kwamba alimwelewa vibaya, kwamba furaha ile ilikuwa namna ya Armstrong ya kutokubali ubaguzi umnyang'anye uhai. Na mwaka 1957, gavana wa Arkansas alipowazuia watoto weusi kuingia shule ya Little Rock, Armstrong huyohuyo aliishambulia serikali ya nchi yake hadharani na kukataa kwenda Urusi kwa niaba yake. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema wana-bebop waliwadharau wasikilizaji. Walikataa kuwa watumishi wa starehe, na walikuwa na kila sababu.

Tuje sasa kwenye mkono wa dola, sehemu ambayo wasimuliaji wengi wa historia hii wanaipita kwa haraka.

Mwaka 1926, mwaka uleule wa Savoy, Jiji la New York lilipitisha sheria iliyotaka kila mahali panapouza chakula au kinywaji kuwa na leseni maalumu kabla ya kuwa na muziki au dansi humo. Ilipolegezwa baadaye, baa isiyo na leseni iliruhusiwa wapigaji watatu tu, na wa ala kama piano, gitaa na akodioni. Dramu hazikuruhusiwa, wala saksafoni wala tarumbeta. Hebu fikiria jazz ya aina gani inaweza kuzaliwa katika chumba kama hicho. Masharti hayo ya ala na idadi ya wapigaji yaliondolewa na mahakama mwishoni mwa miaka ya 1980, na sheria ya kuzuia dansi yenyewe ilifutwa mwaka 2017. Iliishi miaka 91.

Kuanzia 1940, jiji hilohilo lilimtaka kila anayefanya kazi kwenye klabu inayouza pombe awe na kitambulisho kilichotolewa na polisi. Mtu aliyekutwa na hatia ya dawa za kulevya alinyang'anywa. Billie Holiday alifungwa mwaka 1947. Alipotoka mwaka 1948 aliujaza ukumbi wa Carnegie Hall, lakini hakuruhusiwa kuimba kwenye klabu hata ndogo kiasi gani, mahali ambapo mwimbaji wa aina yake hupata mkate wa kila siku. Monk alinyang'anywa chake mwaka 1951 akakirudisha 1957. Ilikuwa miaka yake bora ya utunzi, na watu wa jiji lake hawakuweza kumwona klabuni.

Halafu kodi. Aprili 1944, wakati wa vita, serikali kuu iliweka kodi ya asilimia 30 kwenye bili ya kila ukumbi wa starehe wenye kuimba au kucheza. Baada ya miezi michache ikashushwa hadi asilimia 20, na ilikaa hapo hadi 1960 iliposhushwa tena, kisha ikafutwa mwaka 1965. Ukumbi wenye muziki wa ala peke yake, bila mwimbaji na bila mtu kucheza, haukutozwa. Wenye kumbi walipiga hesabu, wakaondoa sakafu za dansi, wakaongeza meza, wakabandika matangazo ya kukataza kucheza. Bendi ndogo ya watu watano inayopiga ala tupu mbele ya watu waliokaa ikawa ndiyo biashara yenye nafuu. Ukiitazama picha ya klabu ya bebop, watu wamebanana mezani, hakuna nafasi hata ya kusimama, kumbuka kwamba mpangilio ule ulichorwa pia na ofisi ya kodi.

Kodi hiyo ilikwenda pamoja na mengine. Chama cha wanamuziki chini ya James Petrillo kilisusia kurekodi kuanzia Agosti 1942, na kampuni kubwa mbili hazikukubaliana nacho hadi Novemba 1944. Waimbaji hawakuwa wanachama wanaobanwa na mgomo kwa namna ileile, hivyo waliendelea kurekodi wakisindikizwa na kwaya, na vita vilipoisha wao ndio walikuwa nyota. Petroli iligawiwa kwa mgao, vijana wakaandikishwa jeshini, basi la kubeba watu kumi na saba kutoka mji hadi mji likawa mzigo usiobebeka. Mwishoni mwa 1946, Woody Herman, Tommy Dorsey, Harry James na Goodman mwenyewe walivunja bendi zao ndani ya majuma machache. Vijana wa Minton's hawakuwa na nguvu ya kuvunja bendi hizo zote.

Sasa niifikie hoja niliyoiahidi, kwa sababu hapa kambi yangu hubanwa. Kodi ile ilimtoza kila mtu. Louis Jordan, mpiga saksafoni aliyetoka kwenye bendi ya Chick Webb, naye alipunguza bendi yake ikawa ndogo, naye alipita kwenye miaka hiyohiyo ya kodi, na nyimbo zake zilipanda chati moja baada ya nyingine kwa sababu zilichezeka na zilichekesha. Kutoka kwake na wenzake ukazaliwa muziki ambao kufikia miaka ya 1950 uliwachukua vijana wote waliopenda kucheza. Kwa hiyo njia ilikuwepo. Watu wa jazz waliiona, na wengi hawakutaka kuipita. Huo ulikuwa uamuzi, na uamuzi una bei yake.

Kwamba watu walikuwa bado wanasubiri kulionekana usiku mmoja wa Julai 1956, kwenye tamasha la jazz la Newport, Marekani. Ellington alikuwa anahesabiwa kuwa mtu wa zamani. Bendi yake ilipiga kipande kilichotungwa mwaka 1937, na katikati Paul Gonsalves akaachiwa saksafoni. Alipiga mizunguko 27 mfululizo, bila madoido, akishikilia mwendo tu. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la sherehe aliinuka kwenye viti vya mbele akaanza kucheza peke yake, kisha uwanja mzima ukainuka, waandaaji wakaingiwa na hofu ya vurugu. Mwezi uliofuata sura ya Ellington ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Solo ndefu na sakafu ya dansi havikuwa maadui usiku ule.

Huku kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz zilikuwa bendi za dansi, na muziki wao ulikuwa jirani zaidi wa rumba ya Cuba na ya Kongo kuliko wa Minton's. Mbaraka Mwinshehe alipokuwa Morogoro Jazz alipiga solo za gitaa ambazo wapigaji wa leo bado wanahangaika kuzifuata nota kwa nota, na watu walikuwa wakicheza muda wote. Hakuna aliyeona kwamba ufundi unamtaka msikilizaji akae kimya.

Baada ya 1964, vijana wa Marekani walipoangukia Beatles, jazz ilitafuta hifadhi, na hifadhi ilipatikana shuleni. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa: mwaka 1947 chuo kimoja cha ualimu cha Texas ya Kaskazini kilianza kutoa shahada ya kwanza ya fani hii, na kiliiita shahada ya bendi ya dansi. Leo vyuo vyenye kozi za jazz ni vingi. Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuitambua jazz kuwa hazina ya taifa, na mwaka huohuo Lincoln Center ya New York ilianza mfululizo wa maonyesho uliokuja kuwa taasisi kamili chini ya Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta wa New Orleans. Mwaka 2004 taasisi hiyo ilihamia kwenye jumba lake yenyewe, Manhattan.

Faida zake ni za kweli. Kuna okestra yenye kazi ya kudumu, jambo ambalo Chick Webb hakulijua. Nota za Ellington hutumwa bure kwa shule za sekondari. Na kuna fidia ya kihistoria: mwaka 1965 bodi ya tuzo za Pulitzer ilikataa pendekezo la majaji wake la kumtunuku Ellington, na mwaka 1997 tuzo ya muziki ikaenda kwa Marsalis. Wanaomlaumu Marsalis wanasema ameibana jazz kwa kupuuza waliopiga kwa uhuru kamili na waliochanganya na umeme, kama Miles Davis wa 1970 na Herbie Hancock wa 1973. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa mimi haininyimi usingizi. Kinachonisumbua ni jinsi mwanamuziki anavyoandaliwa.

Charlie Parker alikuwa kijana mdogo wa Kansas City alipopanda jukwaani Reno Club, mwaka 1936, akapotea katikati ya wimbo. Jo Jones, mpiga dramu wa bendi ya Count Basie, akamtupia toazi miguuni, ukumbi ukacheka. Parker akaenda kufanya mazoezi kama mtu aliyepagawa. Silipendi somo la namna hiyo kwa mtoto, lakini lilitolewa bure, usiku, mbele ya watu wa mtaa wake, na mtoto wa maskini aliweza kuingia. Chuo kizuri kinamfundisha mwanafunzi kila mizani ya Parker kwa ada ambayo mama yake Parker, aliyekuwa akifanya usafi ofisini usiku, asingeiweza. Kisha humrudisha mtaani ambako ukumbi wa kupigia haupo.

New Orleans kulikuwa na njia nyingine. Danny Barker, mpiga gitaa na banjo aliyefanya kazi miaka mingi New York, alirudi nyumbani mwaka 1965 akakuta bendi za matarumbeta za mtaani zimebaki na wazee. Kupitia kanisa la Fairview Baptist aliwakusanya watoto, akawapa tarumbeta na tromboni, akawatoa barabarani kupiga kwenye mazishi na maandamano ya vyama vya kuzikana, watu wakicheza nyuma yao. Kutoka kwenye vuguvugu hilo zilikuja Dirty Dozen mwishoni mwa miaka ya 1970 na Rebirth miaka ya 1980, bendi zilizorudisha vijana kwenye muziki ule. Marsalis mwenyewe, akiwa mtoto, alipita kwenye bendi ya Barker.

Lakini mtaa uliozaa haya ulikuwa unavunjwa. Miaka ya 1960 barabara kuu ya juu ilijengwa juu ya Claiborne Avenue, mtaa wa Tremé, mialoni ikakatwa, maduka ya weusi yakafa. Baada ya kimbunga Katrina, 2005, kodi za nyumba zilipanda na wageni wakahamia. Oktoba 2007 polisi waliingilia msafara wa wanamuziki waliokuwa wakimwomboleza mwenzao mpiga tuba, wakawakamata wawili kwa kupiga bila kibali. Wakati huohuo jiji hilo linajitangaza kwa watalii kama mahali jazz ilipozaliwa.

Mfano unaonipa matumaini unatoka London. Tangu 1991, mpiga besi Gary Crosby na Janine Irons wanaendesha Tomorrow's Warriors, mahali ambapo vijana, hasa weusi na wasichana, wanafundishwa jazz bila kulipa. Ezra Collective walikutana huko, na mwaka 2023 wakawa kundi la kwanza la jazz kutwaa tuzo ya Mercury, inayotolewa kwa albamu bora ya mwaka Uingereza na Ireland. Wanachanganya na afrobeat na reggae, na maonyesho yao yanachezwa kwa kusimama. Wapo wanaosema hiyo si jazz halisi. Wakumbushwe Savoy.

Ndiyo maana mjadala wa nani alikosea mwaka 1945 una maana leo, kwani unaamua fedha ziende wapi. Anayeamini wanamuziki ndio waliowafukuza watu atawaambia wapige rahisi zaidi, na ataishia hapo. Anayeona kwamba chumba chenyewe kiliondolewa ataanza na chumba: leseni nafuu kwa baa ndogo zenye dramu na sakafu, kodi ya nyumba ambayo mpiga tromboni wa Tremé anaimudu, ala za kuazima kwa watoto wa kanisa kama Fairview, na mshahara wa mzee mmoja wa kuwatoa barabarani. Wafadhili wa jazz wanao uwezo wa kulipia vyote hivyo, na ningependa wavilipie kabla ya kujenga jumba jingine la viti vya velveti.